Mwaka Tuliogombania Mwangaza

Mjomba Athumani tulimzika kijijini kwao Narung'ombe mwanzoni mwa mwaka huu, na siku ya kumaliza matanga mkewe, Mama Sikudhani, aliniita chumbani akanipa picha moja iliyofungwa kwenye kipande cha kanga. Hakusema maneno mengi. "Hii alisema ni yako, Somoe. Alisema wewe utajua ya nini." Niliifungua nikaanza kucheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena, mpaka wanawake waliokuwa wanachambua mchele nje wakanyamaza. Ilikuwa picha ya mzee mmoja wa hapo hapo Narung'ombe, kavaa kanzu nyeupe, ameshika mwavuli mweusi uliofunguliwa, siku wajukuu zake walipotoka jandoni. Pembe zimekunjika, na kingo zote zina alama za solotepu. Mwingine angeona mzee na mwavuli wake, basi. Mimi niliona mwaka mzima, ule mwaka niliofanya kazi kwenye studio ya mjomba pale Ruangwa, tukagombana kila siku ya Mungu kwa sababu ya vitufe vya monita.

Nilifikaje Ruangwa na nani alinileta, hayo tuyaache, ni marefu na hayana utamu. Studio ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi, kimekatwa katikati kwa pazia la bluu. Nyuma ya pazia watu walipigwa picha. Mbele kulikuwa na meza, kompyuta, printa, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja ulisimama juu ya tofali. Asubuhi tulikunywa chai kwa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vidogo vya porini, tukiwa tumeacha mlango wazi ili harufu ya wino itoke. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, ukikatika mjomba anawasha jenereta na kuanzia hapo tunaongea kwa kupiga kelele, na nadhani nusu ya ugomvi wetu ulianzia kwenye jenereta ile. Alikuwa mrefu, mkali, mcheshi akitaka mwenyewe, na alikuwa amepiga picha za harusi na jando tangu enzi za filamu, kuanzia Ruangwa mpaka Nachingwea. Na alikuwa mjomba wangu wa kweli, kaka wa mama yangu, tumbo moja. Kwetu huyo si mtu wa kubishana naye. Ndiye anayepokea posa yako, ndiye anayekuamulia kesi yako, akikwambia kaa unakaa. Mimi sasa mdomo wangu haujawahi kulala hata siku moja, kwa hiyo unaweza kuona tulikuwa tunaelekea wapi.

Monita yenyewe ilikuwa imetumika Dar es Salaam mpaka ikachoka ndipo ikaletwa kwetu. Kabla sijafika kuna mtu alibonyeza asichokijua, menyu yote ikageuka Kichina, na hakuna aliyeweza kuirudisha. Nilijifunza kwa michoro. Palipochorwa kijua ndipo pa mwangaza. Palipochorwa duara, nusu jeupe nusu jeusi, ndipo pa kutenganisha cheupe na cheusi. Mjomba ndiye aliyenionyesha, juma langu la kwanza, akiwa na subira ambayo sikuiona tena kwake kwa muda mrefu. Aliniambia skrini ni mwongo. Ukipandisha mwangaza mpaka mwisho kila uso unang'aa, unaridhika, unatuma kwenye printa. Printa haina habari na mwangaza wako, inatoa picha kama ilivyo, na picha inatoka giza tupu. Basi akachukua ile picha ya mzee wa Narung'ombe, aliyoisafisha vizuri mwenyewe, akaibandika pembeni mwa monita, na picha hiyo hiyo akaifungua kwenye kompyuta. "Sasa shusha, pandisha, mpaka hawa wazee wawili wawe mtu mmoja," alisema. "Mikunjo ya kanzu ionekane. Ukizidisha, mikunjo inapotea, kanzu inakuwa shuka. Na mbavu za mwavuli zionekane, zile nyaya za ndani. Ukipunguza mno, mwavuli unakuwa shimo. Usiamini skrini, Somoe. Mwamini mzee." Kila asubuhi nilifanya hivyo kabla sijamaliza chai yangu, na miezi ya mwanzo kazi zetu zilitoka safi kabisa.

Halafu mwangaza ukaanza kupanda wenyewe. Asubuhi naweka sawa, nikirudi kutoka kula mchana nakuta kijua kimesukumwa mpaka mwisho, skrini inaunguza macho. Kwanza nililaumu wateja. Monita yetu tuliigeuza kuelekea benchi ili mtu ajichague mwenyewe, na hakuna mteja wa Ruangwa aliyewahi kuridhika na uso wake. "Ning'arishe kidogo, dada." "Hapo bado, ongeza." Nikadhani mjomba anawapandishia ili wafurahi, anasahau kushusha. Nikashusha. Kikapanda. Nikashusha tena. Wala sikuwa na wasiwasi, nilikuwa na hasira tu, zile hasira za mtu anayefagia uwanja huku mwenzake anatupa maganda.

Ilipofika likizo ya Desemba watoto wakatoka jandoni, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Familia nyingi za Narung'ombe zilimpa mjomba kazi ile, maana alikuwa mtu wao. Watoto wamevishwa nguo mpya, miwani ya jua, kofia, wamefunikwa miavuli, ngoma, vigelegele, na kila mama anataka picha ya kutundika sebuleni. Mjomba alisafisha picha zile mwenyewe, alasiri moja niliyokuwa nimetumwa sokoni, akazichapa zote. Siku ya kuzichukua akaja mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Akaitoa picha kwenye bahasha, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Binti, huyu ni mtoto wangu au kisiki cha mkorosho kilichoungua?" Wenzake wakafungua za kwao. Giza, zote. Meno yanaonekana, na miwani, uso hakuna. "Mwanangu atatoka jandoni mara ngapi?" yule mama akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Nimrudishe porini akapigwe nyingine?"

Mjomba alisimama pale mlangoni, akasema mbele ya watu wote, "Ni huyu. Anachezea skrini kila asubuhi, nimemkataza hasikii." Damu ilinichemka. Nilitaka kumjibu, nikajizuia, kwa sababu wale wanawake wote walikuwa wanasubiri waone kama mtoto wa dada yake atamjibu mjomba. Nikawaambia nitazirudia zote, na kweli nilizirudia, siku mbili sikuinua kichwa. Lakini kesho yake nilipofika nilikuta amevifunika vitufe vya monita kwa solotepu, tabaka juu ya tabaka, na mwangaza umeachwa juu kabisa.

"Usiguse hiyo skrini," alisema.

"Mjomba, ukiacha hivyo tutaharibu tena."

"Nani kakufundisha kazi?"

"Wewe."

"Basi."

Tukaishi hivyo, bila kusemeshana zaidi ya salamu. Yeye akitoka nabandua solotepu kwa ukucha, naweka mwangaza kwa kumfuata mzee, nachapa haraka haraka, napandisha, nabandika tena. Nimewahi kukaa kwenye nyumba yenye ugomvi, lakini ule wa chumba kimoja, watu wawili na mashine moja, ni wa kukausha mate. Na kilichonikera zaidi ni kwamba sikumwelewa. Mtu aliyeniambia skrini ni mwongo, leo anaitetea skrini kuliko damu yake.

Chakula cha mchana tulikula kwake, ugali wa muhogo na kisamvu, mbaazi siku ya neema. Siku moja nikiwa ukumbini nilimwona anapeleka tonge kwenye bakuli la maji ya kunawia. Akalichovya, akalitia mdomoni, akatafuna bila kusema kitu. Nikadhani ana mawazo. Nilipopeleka vyombo uani nikamsikia Mama Sikudhani anamwambia jirani, kwa ile sauti ya chini ya watu wanaoamini ukuta ni mnene, "Siku hizi anatembea na ukuta, shoga yangu. Juzi kakanyaga kuku mchana kweupe. Nikimuuliza ananiambia nimeweka kuku njiani." Jirani akasema, "Uzee huo." Mama Sikudhani akasema, "Uzee gani? Baba yake mdogo bado anapanda minazi." Nikasimama na masufuria mkononi. Nikakumbuka bega lake la kushoto linavyogonga mlango wa studio kila siku na yeye anavyoutukana mlango.

Siku chache baadaye nilikuwa na kazi ya harusi ya Nambambo, kule Nachingwea, bibi harusi kavaa gauni jeupe, bwana harusi suti nyeusi kando yake. Nilikuwa nimeshusha mwangaza, picha yao imejaa skrini nzima, mjomba akaingia ghafla kabla sijabandika chochote. Nikajua leo ni leo. Akaja mpaka mezani, akaniondoa kwenye kiti, akatafuta vitufe kwa vidole, akapandisha kijua mpaka mwisho. Akainama, pua karibu iguse kioo. "Haya," akasema. "Si hivi? Kanzu hiyo, na mbavu za mwavuli hizo, zote naziona. Halafu wewe unasema hazionekani."

Hapakuwa na mwavuli kwenye skrini. Palikuwa na cheupe na cheusi, basi, na mjomba wangu alivifanya kuwa mzee wake wa Narung'ombe kwa sababu ndiye aliyezoea kumkuta pale. Hasira zangu zote za miezi ile zilinitoka mara moja, na badala yake nikashikwa na hofu ambayo sikuwa nimewahi kuijua, hofu ya kumwona mtu mkubwa anadondoka.

"Mjomba," nikasema, "tazama tena."

"Nimeshatazama."

"Huyo ni bibi harusi. Na mumewe."

Hakuinuka. Alibaki ameinama vile vile, mkono umeshika ukingo wa meza, jenereta inanguruma nje. Kisha akaenda kufunga mlango, bega likagonga, na safari hii hakuutukana. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Na humwambii." Alikaa kwenye benchi la wateja, upande ule wenye tofali. Akanieleza, akitazama sakafu, kwamba ulianza kama ukungu pembeni, kwamba amenunua dawa ya macho dukani na itamsaidia, kwamba skrini ikiwa na mwanga mkali anaona, kwa hiyo tatizo ni dogo. "Fundi picha haoni. Nani atampa harusi yake? Sema wewe. Nani?" Nikamwambia aende hospitali. Akaniambia hospitali watu wanaona unaingia, wanauliza unaumwa nini. Halafu akanyoosha kidole na kusema, "Nakuambia kama mjomba wako. Lisitoke humu." Neno hilo akishalisema limekwisha. Nikaitikia, na nikaenda nyumbani nikashindwa kula.

Kwa nini sikumwambia mkewe siku ile ile? Leo binti yangu huniuliza hivyo, na mimi humwambia, wewe huna mjomba, hujui. Nilikubali kubeba siri yake wiki nzima, na wiki ile nilimwangalia kila hatua kama mtoto anayeanza kutembea. Jumamosi tulikuwa na harusi nyingine Nambambo. Alikataa katakata kupanda gari. Pikipiki ni yake, barabara anaijua, ameiendesha tangu kabla sijazaliwa. Nikapanda nyuma na begi la kamera mapajani, nikisoma kila dua niliyofundishwa madrasa.

Barabara ya Ruangwa kwenda Nachingwea siku hizo ilikuwa vumbi na mchanga. Mjomba aliendesha katikati, moja kwa moja, kwa mwendo wa mtu anayetaka kukuonyesha kitu. Mbele yetu, upande wa kushoto, alikuwepo mwanamume anasukuma baiskeli yenye magunia ya ufuta, na juu ya magunia amekaa mtoto wa kike anakula bibo la mkorosho. Nikangoja mjomba akwepe. Nikangoja. Pikipiki ikaanza kuvutika kushoto, taratibu, na yeye ametulia kabisa, hata bega hakulisogeza. Nikapiga ukelele mpaka koo likauma, nikamvuta kwa kola upande wa kulia, tukaingia kwenye mchanga wa ng'ambo tukaanguka wote wawili. Yule mwanamume akaja amewaka. "Mzee! Huoni? Mtoto huyo, huoni?" Yule mtoto bado alikuwa juu ya magunia, bibo mkononi, ametutumbulia macho. Mjomba alijikung'uta vumbi akitazama upande ambao hapakuwa na mtu. "Mtoto gani?" akaniuliza polepole.

Nikachomoa ufunguo wa pikipiki nikautia kwenye sidiria, mahali ambapo mjomba hawezi kuufuata. "Mimi sipandi tena," nikasema. "Leo tunaanzia hospitali. Usipokwenda, nikifika Nambambo nachukua kipaza sauti cha harusi, nasema."

"Mimi ni mjomba wako!"

"Ndiyo. Na ninaye mmoja tu." Nilikuwa nalia kwa hasira, kamasi na vumbi, hata haya sikuona. "Unadhani nitakuzika kwa ajili ya heshima? Nipige ukitaka. Nipige!"

Hakunipiga. Alikaa chini kwenye mchanga na akafunika uso kwa mikono, na yule mwenye baiskeli, aliyekuwa tayari kupigana, akamteremsha mwanawe, akaja kuchuchumaa karibu naye akimwambia pole, mzee, pole. Lori la korosho ndilo lililotubeba mpaka Nachingwea, pikipiki ikiwa juu ya magunia.

Daktari alikuwa kijana, hana haraka. Alimtazama mjomba macho yote mawili kwa muda mrefu, akampima, akatuambia ni presha ya macho. Haiumi. Inaanzia pembeni, inakula kidogo kidogo, na mwenyewe hajui kwa sababu katikati bado anaona. Na kwa mjomba sasa hata katikati ilikuwa imeanza kuguswa. "Kilichopotea hakirudi, mzee wangu, sitakudanganya," alisema. "Kilichobaki tunaweza kukilinda. Matone kila siku, maisha yako yote. Ungekuja mwakani tungekuwa tunaongea habari nyingine." Kisha akanigeukia mimi. Ugonjwa huu hutembea kwenye damu, akasema, ndugu zake wapimwe, hasa wakivuka arobaini. Nilipimwa siku ile ile, nikaambiwa niko salama, na kwa umri niliokuwa nao neno arobaini niliona ni nchi ya watu wengine.

Harusi ya Nambambo nilipiga mimi. Mjomba alisimama nyuma ya bega langu la kulia, ameshika mkanda wa begi, na hakuna mgeni aliyejua kitu. "Subiri," ananiambia. "Usibonyeze. Sikiliza kicheko kwanza. Haya, sasa." Zile ndizo picha za kwanza nilizowahi kuzionea fahari. Tuliporudi Ruangwa alibandua solotepu yote kwenye vitufe mwenyewe, akaisokota, akaitupa. Tukakubaliana. Asubuhi mwangaza ni wa kazi, namfuata mzee, na mjomba hagusi. Jioni mteja wa mwisho akishatoka, nageuza monita, napandisha kijua mpaka mwisho, na yeye anakaa anatazama picha zake za zamani, moja moja, anaita majina ya watu. Dirisha lile dogo la kuonea lililobaki alilitunza kwa matone miaka mingi. Aliniona naolewa. Alimwona binti yangu Rukia akizaliwa, akamsogeza karibu na taa, akasema ana masikio ya kwetu.

Sasa nina studio yangu hapa Nachingwea, na Rukia amemaliza shule, tunafanya kazi pamoja. Mashine zimebadilika, vitufe hakuna, mambo yote ni ndani ya skrini. Baada ya matanga nilimbandika mzee wa Narung'ombe pembeni mwa monita yetu, nikamfundisha Rukia kanzu na mwavuli, akacheka lakini akaelewa haraka. Wiki iliyopita nilikuwa nakunywa chai akaja na bahasha ya picha za mahafali. "Mama, zimetoka giza zote. Asubuhi niliweka sawa. Nani anapandisha mwangaza?"

"Usiguse hiyo skrini," nikamjibu.

Kikombe kilibaki hewani. Yale maneno niliyasikia yakitoka, na hayakuwa yangu, yalikuwa ya mjomba. Rukia akanitazama, hajui kwa nini mama yake amekauka ghafla. Nikasogea kwa mzee wetu pale pembeni, nikaziba jicho la kushoto kwa kiganja. Kanzu ipo, mwavuli upo, mbavu zake zote zipo. Nikaziba la kulia. Kanzu ilikuwepo. Mwavuli ulianza vizuri, halafu upande mmoja haukuwepo tu, wala hapakuwa na giza, palikuwa hapana kitu. Nikaziba tena, nikafungua, nikaziba. Na mwangaza nilikuwa naupandisha mimi mwenyewe. Jamani, mjomba wangu. Kumbe ndivyo ulivyokuwa unaogopa.

"Mama, vipi?"

"Chukua mkoba wangu," nikasema. "Tunakwenda hospitali, sasa hivi. Na wewe unapimwa."

Hakuuliza zaidi, ni mtoto mwelewa. Alipofika mlangoni akageuka akaionyesha monita kwa kidevu. "Niushushe kwanza?"

"Ushushe. Mwamini mzee, mwanangu," nikamwambia. "Mimi usiniamini."